Mvinyo mwekundu wa Bordeaux uliokaa miaka mingi: dalili za hitilafu, visababishi vyake na hatua za kuchukua

Malalamiko kuhusu mvinyo mwekundu wa Ufaransa uliokaa chupani miaka 20, 30 au zaidi hujirudia sana: kizibo kimekatika, rangi imekuwa ya kahawia, kuna mashapo, kuna harufu isiyoeleweka, au mvinyo hauna ladha inayolingana na bei yake. Sehemu kubwa ya malalamiko hayo haitokani na ubovu wa mvinyo. Hutokana na joto lisilofaa, pupa wakati wa kufungua na kumimina, au kuuhukumu mvinyo mzee kwa vigezo vya mvinyo mchanga. Zipo pia chupa zilizoharibika kweli, ambazo hakuna ujanja wa kuziponya. Mwongozo huu umeandikwa ili mnywaji aweze kutofautisha hali hizo mbili kabla hajaimwaga chupa ambayo pengine hataipata tena.

Mifano mingi hapa ni ya Bordeaux, eneo la kusini-magharibi mwa Ufaransa, hasa mivinyo ya vijiji vyake vya Pauillac, Saint-Julien na Margaux, ambako zabibu ya Cabernet Sauvignon huchanganywa na Merlot, kwa kuwa hiyo ndiyo mivinyo inayowekwa muda mrefu zaidi. Pale mvinyo wa Bourgogne, eneo jingine la Ufaransa, unaotokana na zabibu ya Pinot Noir, unapohitaji kushughulikiwa kwa namna nyingine, tofauti hiyo imetajwa.

Ukaguzi wa kwanza, kwa dalili yoyote ile

Pima joto la mvinyo kabla ya kitu kingine chochote. Bordeaux ya zamani huonjwa vizuri kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi, na Bourgogne hupungua kidogo, kati ya 14 na 16. Kauli ya kwamba mvinyo mwekundu hunywewa ukiwa na joto la chumbani ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ufaransa ambazo hazikuwa na mitambo ya kupasha joto, na haihusiani na sebule ya Mombasa au Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Katika joto hilo pombe hutangulia puani, matunda hupotea, na mvinyo mzima kabisa huonekana mbovu. Dakika 20 hivi kwenye ndoo yenye maji na barafu chache hutosha kuurudisha mahali pake.

Jambo la pili ni glasi. Inuse ikiwa tupu. Glasi zilizohifadhiwa kifudifudi ndani ya kabati la mbao au kwenye boksi hushika harufu ya ukungu, na zile zilizokaushwa kwa kitambaa kibichi huwa na harufu ya kitambaa hicho. Isuuze kwa maji safi ya moto, iache ikauke ikiwa wima, kisha uisuuze tena kwa tone la mvinyo wenyewe.

Kizibo kinakatika, kinasagika au kinazama ndani

Kisababishi kinachoongoza ni kizibuo kisichofaa. Vizibo vya Bordeaux nzuri huwa na urefu wa takribani milimita 50, na skrubu fupi ya kizibuo cha kawaida huishia katikati, hivyo nusu ya juu hutoka na nusu ya chini hubaki. Kinachofuata ni umri wenyewe, kwani baada ya miaka 25 au 30 upande wa kizibo unaogusa mvinyo hulainika na upande wa juu hukauka. Mara chache zaidi, chupa iliwekwa wima kwa miaka mingi au katika chumba chenye kiyoyozi kinachokausha hewa, na kizibo chote kikawa kikavu.

Kabla ya kufungua, kata karatasi ya chuma inayofunika shingo chini kabisa ya mdomo mnene wa chupa, kisha futa mdomo huo vizuri kwa kitambaa chenye maji. Usiipuuze hatua hii. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, vifuniko vingi vya shingo vilitengenezwa kwa risasi, na unga mweupe unaoonekana kwenye mdomo wa chupa za enzi hiyo unaweza kuwa chumvi za risasi, ambazo ni sumu. Ukungu mweusi juu ya kizibo hauna madhara, nao hufutika vilevile.

Kwa chupa iliyozidi miaka 25, tumia kizibuo cha bapa mbili, kile kisicho na skrubu. Ingiza bapa ndefu kwanza kati ya kizibo na kioo, kisha fupi, tikisa kidogo upande huu na upande ule hadi zizame zote, halafu zungusha huku ukivuta polepole. Ukihisi kizibo kinashuka badala ya kupanda, acha papo hapo na uanze upya kutoka upande mwingine wa shingo.

Kizibo kikikatika, usikisukume. Laza chupa kiasi, ingiza skrubu kwa mshazari ili ishike ubavu wa kipande kilichobaki, ukibane dhidi ya kioo, kisha kivute. Kikisagika kabisa au kikazama, mimina mvinyo kupitia chujio laini la chuma safi. Punje za kizibo hazidhuru afya wala haziharibu ladha kwa muda mfupi. Karatasi za kuchujia kahawa hazifai hapa, kwa kuwa baadhi yake huacha ladha ya karatasi.

Acha kabisa ikiwa mdomo au shingo ya chupa imemeguka, hata kipande kidogo tu. Usiuchuje mvinyo huo wala usiuonje, kwa sababu vijipande vya kioo vilivyo vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona hupenya chujio. Kuna mbinu ya kukata shingo ya chupa kwa koleo lililopashwa moto hadi likawa jekundu, lakini hiyo ni kazi ya wahudumu wa mvinyo waliofunzwa na haijaribiwi nyumbani.

Mvinyo umevurugika na una mashapo

Hakuna dalili inayowaogofya watu zaidi ya hii, na hakuna isiyo na hatia kuliko hii. Kadiri miaka inavyopita, tanini (vitu vinavyoupa mvinyo ukakasi) na rangi zilizotoka kwenye maganda ya zabibu huungana, huwa nzito na kushuka chini. Bordeaux ya miaka 30 isiyo na mashapo kabisa inastahili maswali mengi kuliko ile yenye nayo. Kinachoharibu mvinyo ni kuyavuruga, kwani yakielea huficha harufu na kuacha ukakasi mchungu ulimini, kama kikombe cha kahawa chungu kilichotikiswa hadi tope la chini likapanda.

Kisababishi cha kawaida ni kwamba chupa imesafirishwa au imetolewa ikiwa imelala na kufunguliwa saa ileile. Iliyotoka safarini, hasa kwa ndege, ipumzike majuma kadhaa. Siku ya kuifungua ikikaribia, isimamishe wima kwa saa 24 hadi 48. Mashapo ya Bourgogne ni laini mno na huhitaji siku kadhaa zaidi.

Umiminaji wenyewe unastahili utulivu. Weka tochi ndogo au mshumaa nyuma ya chupa, usawa wa mahali shingo inapokutana na mabega, kisha mimina kwenye jagi safi la kioo kwa mwendo mmoja, bila kuirudisha chupa wima hata mara moja. Kwa muda mrefu mvinyo unaopita mbele ya mwanga huwa mwekundu unaong’aa, na jicho huanza kuchoka kwa kuangalia kitu kisichobadilika. Kisha, chupa ikiwa imebakiza kidole kimoja au viwili, uzi mwembamba mweusi hutambaa kutoka chini kuelekea begani. Uache ufike begani, ukianza kuingia shingoni inua chupa. Mabega yaliyochongoka ya chupa ya Bordeaux huyakamata mashapo, ndiyo maana kazi hii ni rahisi kwake kuliko kwa chupa ya Bourgogne yenye mabega yanayoteremka.

Fuwele ndogo zinazong’aa mithili ya mchanga chini ya kizibo ni chumvi za asidi ya zabibu, na hazina neno. Kisababishi cha mwisho, ambacho ni nadra, ni mvinyo unaobaki umevurugika hata baada ya siku tatu za kutulizwa, hasa ukiwa na mapovu ulimini. Hapo kuna chachu au bakteria waliofanya kazi upya chupani, na chupa hiyo haifai kuendelea nayo.

Rangi imekuwa ya matofali au ya kahawia

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Ukingo wa rangi ya matofali au chungwa ni umri wa kawaida kwa mvinyo uliopita miaka 20, na Pinot Noir hufika hapo mapema zaidi kuliko Cabernet Sauvignon. Kinachotafutwa ni katikati ya glasi: kama bado kuna wekundu wenye uhai, endelea kuonja bila wasiwasi.

Katikati pakiwa kahawia iliyofifia, na harufu ikawa ya tofaa lililopondeka au karanga za zamani, oksijeni imeingia kupita kiasi. Joto ndilo mshukiwa wa kwanza, na mara nyingi huacha ushahidi: kizibo kilichosukumwa juu ya mdomo, au mchirizi wa mvinyo ubavuni mwake kuanzia chini hadi juu. Mvinyo wa aina hii hutunzwa kwenye nyuzi 12 hadi 14 zisizopandapanda, na chupa iliyokaa juu ya kabati la jikoni katika mji wa pwani, hata kama ilikuwa zawadi ya thamani, imezeeka haraka mno kuliko mwaka ulioandikwa kwenye lebo.

Mshukiwa wa pili ni kizibo kilicholegea, na hapo kiwango cha mvinyo chupani hutoa jibu kabla hata ya kufungua. Katika Bordeaux yenye miaka 30 hadi 40, kiwango kilichoshuka hadi chini ya shingo au juu ya mabega ni cha kawaida. Kikifika katikati ya mabega, kuna hatari. Kikiwa chini ya mabega, matumaini ni madogo. Chupa za Bourgogne hupimwa kwa sentimita kutoka chini ya kizibo. Hakuna tiba ya mvinyo ulioharibiwa na oksijeni, na kuumimina kwenye jagi ili upate hewa huumaliza kabisa.

Harufu ya boksi lililolowa au ya ghala lenye ukungu

Ukishahakikisha kwamba glasi ni safi, subiri. Mvinyo uliofungiwa miaka mingi hutoa kwanza harufu nzito ya kufungiwa, na watu wengi humwaga chupa nzima kwa sababu ya harufu hii ambayo hupotea baada ya dakika 10 au 15. Mimina kiasi kidogo, kiache glasini, kisha unuse tena. Harufu ikipungua na matunda yakaanza kujitokeza, mvinyo hauna tatizo.

Ikiongezeka badala ya kupungua, huku matunda yakizidi kunyamaza, kisababishi kinachoelekea zaidi ni kemikali iitwayo trikloroanisoli, ambayo Mswisi Hans Tanner na wenzake waliieleza mwaka 1981. Hutokea pale ukungu unapokutana na misombo fulani yenye klorini katika gome la mti linalotengenezewa vizibo. Nanogramu chache tu kwa lita hutosha kuuzima mvinyo, na ingawa haidhuru afya, haiondoki kwa hewa, kwa joto wala kwa kusubiri. Mara chache chanzo si kizibo hata kidogo, bali mbao za ghala la mzalishaji zilizotibiwa kwa dawa zenye klorini, na hapo chupa zote za mwaka huo huweza kuwa na kasoro moja.

Kunusa kizibo hakuthibitishi lolote, kwani kizibo kinaweza kunuka ukungu ilhali mvinyo ni safi, na kinyume chake. Kilicho bora ni kumpa mtu wa pili glasi bila kumwambia unachoshuku, maana pua huzoea harufu hii upesi na mwenye shaka huanza kuinusa hata mahali isipokuwepo. Wapo wanaotumbukiza karatasi ya plastiki ya kufungia chakula ili inyonye kemikali hiyo. Hunyonya kiasi, lakini huondoka na manukato mengine pia, na mvinyo wa miaka 30 uliovuliwa manukato haubaki na kitu cha kupenda. Siipendekezi njia hii kwa mvinyo wa heshima.

Ikiwa uko mkahawani, sema kabla mvinyo haujamiminiwa wengine. Kiasi kidogo unachomiminiwa kwanza ni kwa ajili ya ukaguzi huu hasa. Mwite mhudumu wa mvinyo auonje yeye mwenyewe, na usione haya.

Mvinyo hauna harufu wala ladha, umefunga

Hapa subira ndiyo chombo kikuu. Anza na joto, kwani chini ya nyuzi 14 Bordeaux hunyamaza na tanini zake hukaza. Kisha angalia glasi: iliyojazwa hadi juu haiachi nafasi ya harufu kukusanyika, kwa hiyo isizidi theluthi moja. Baada ya hapo upe muda, ukiuonja kila baada ya dakika kumi. Mvinyo wa miaka 15 hadi 20 unaweza kuhitaji saa moja au mbili kwenye jagi. Ule wa miaka 40 unaweza kufunguka kwa robo saa, ukapendeza kwa nusu saa, kisha ukafifia, kwa hiyo mashapo yakishatengwa uende moja kwa moja glasini. Bourgogne ya zamani kwa kawaida haimiminwi kwenye jagi kabisa.

Kwa waliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma, ukimya unaolalamikiwa mara nyingi ni ukavu tu. Bordeaux haina sukari ya kuhisika, na matunda mabichi ya ujanani yameshageuka kuwa harufu za mwerezi, tumbaku, ngozi, uyoga na majani yaliyooza msituni baada ya mvua. Anayetafuta utamu wa zabibu atapita karibu na vitu hivyo vyote asivione. Uonje pamoja na nyama ya kondoo iliyochomwa kwa chumvi tu, bila pilipili, na utaona ukali wake ukitulia.

Baada ya kuyajaribu hayo yote, zinabaki sababu mbili: kiasi kidogo mno cha trikloroanisoli, ambacho huzima matunda bila kunuka waziwazi, au mvinyo uliokwisha umri wake. Kuzitofautisha hizi mbili bila chupa ya pili ya mwaka uleule ni kazi ngumu hata kwa wataalamu.

Harufu ya siki au ya rangi ya kucha

Kila mvinyo una asidi ya siki kiasi, na katika Umoja wa Ulaya mvinyo mwekundu huruhusiwa kuwa na hadi takribani gramu 1.2 kwa lita. Joto huikuza harufu yake, kwa hiyo poza kwanza. Kiasi kidogo huweza hata kuuinua mvinyo: Château Cheval Blanc ya 1947, mojawapo ya Bordeaux zinazosifiwa kuliko zote, inajulikana kuwa na asidi hiyo nyingi. Lakini pua ikichomwa na koo likawasha, bakteria wamepata hewa kupitia kizibo kibovu, na mvinyo umechacha. Haurudi.

Harufu ya zizi, au ya yai bovu

Ngozi na udongo wa msituni ni sehemu ya uzee mzuri. Harufu ya zizi la farasi, au ya plasta ya kidonda, husababishwa na chachu iitwayo Brettanomyces inayoishi kwenye mapipa ya mwaloni. Wapenzi wengi wa mivinyo ya zamani ya Bordeaux na ya bonde la Rhône, pia la Ufaransa, huikubali ikiwa kidogo, nami ni mmoja wao, mradi bado matunda yanasikika. Ikifunika kila kitu, hiyo ni kasoro ya mzalishaji isiyotibika chupani. Yai bovu au kiberiti kilichowashwa ni misombo ya salfa iliyokosa hewa, na mara nyingi huondoka kwa kuizungusha glasi kwa nguvu dakika chache.

Ukakasi unakausha ulimi

Mara nyingi mashapo yamepanda, au mvinyo ni baridi mno. Vinginevyo ni tabia ya mwaka wa mavuno: Bordeaux za 1975 zinafahamika kwa tanini ngumu ambazo katika chupa nyingi hazikulainika kamwe, wakati za 1982 zilikuwa laini na tajiri tangu mapema. Chakula chenye mafuta husaidia, si zaidi ya hapo.

Mvinyo hauendani na lebo

Mvinyo wa mwaka 1961 wenye rangi ya zambarau na matunda mabichi unatia shaka. Kagua kwanza kizibo, ambacho kwa Bordeaux kubwa hubeba jina la mzalishaji na mwaka wa mavuno. Kizibo kipya si ushahidi wa hila, kwani baadhi ya wazalishaji hubadilisha vizibo vya chupa kongwe. Wala jina la mfanyabiashara wa Ubelgiji au Uingereza kwenye lebo ya zamani si ushahidi, kwa sababu ingawa Baron Philippe de Rothschild alianza mwaka 1924 kujaza mvinyo wake wote chupani shambani kwake Mouton, huko Bordeaux, wengine waliendelea kuuza mapipa kwa miongo kadhaa baadaye.

Ughushi hata hivyo upo. Mwaka 2008 Laurent Ponsot, mzalishaji wa Bourgogne, alisafiri hadi New York kuzuia mnada wa chupa zenye jina la familia yake za mvinyo wa shamba la Clos Saint-Denis, baadhi zikidaiwa kuwa za 1945, ilhali familia hiyo ilianza kuzalisha mvinyo huo miaka ya 1980. Aliyezitoa chupa hizo, Rudy Kurniawan, alitiwa hatiani mwaka 2013 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka uliofuata.

Ukishuku, acha kuonja na usijaribu kuamua peke yako. Kama chupa bado haijafunguliwa, iache hivyo. Kama imefunguliwa, rudishia mvinyo uliobaki chupani, uzibe na uuweke kwenye friji, kisha hifadhi kizibo, karatasi ya shingo, lebo na risiti, piga picha za kila upande, na uwasiliane na aliyekuuzia pamoja na mtaalamu wa uthibitishaji wa mvinyo anayetambuliwa na nyumba za mnada. Ukiwa na kreti nzima kutoka chanzo hichohicho, usifungue nyingine mpaka majibu yapatikane.